Wazo lako la startapu ni la kijinga au lina mchongo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nitajuaje kama wazo langu ni la kijinga?

Kwanza tuelewane, ujinga wa mawazo ya startapu, yaani kampuni changa, uko wa aina mbili na watu wengi wanauchanganya. Kuna wazo ukilisikia tu unacheka, na kuna wazo ukilisikia unakubali kwa kichwa, unasema "hii safi sana", halafu linajifia kimya kimya baada ya mwaka na hakuna hata anayeuliza limeenda wapi. Hilo la pili ndo la kuogopa. Lile la kuchekesha usilitupe haraka, lichunguze kwanza, maana inawezekana kinachochekesha ni ugeni wake tu.

Chukua Airbnb, wale wa kuunganisha wageni na wenye nyumba za kulala. Oktoba 2007 jamaa wawili San Francisco kodi ya nyumba inawashinda, mjini kuna mkutano wa wabunifu na hoteli zimejaa, wakatandika magodoro ya kujaza upepo nyumbani kwao wakapata wageni watatu wa kulipa. Sasa liweke hilo kwenye sentensi moja, "watu watalala nyumbani kwa watu wasiowajua na watalipia", ni kichaa kabisa. Mwaka 2008 wakatambulishwa kwa wawekezaji saba, wanatafuta dola 150,000, watano wakakataa na wawili hawakujibu hata email. Lakini ukiangalia ndani unakuta mgeni ana shida ya kweli tena ya usiku huohuo, mwenye nyumba ana nafasi imekaa bure na kodi inamdai, na watu walilipa hela kabla hata ya kuwepo kampuni yenyewe.

Kwahiyo unapopima wazo jiulize ujinga wake umekaa wapi. Kama umekaa kwenye jinsi linavyosikika, endelea kuchimba. Kama umekaa kwenye hesabu, au kwenye tabia ya watu ambayo unategemea waibadilishe kwa ajili yako wewe, hapo kuna kazi.

Wazo linasikikaje vizuri halafu liwe bovu?

Fikiria programu ya simu ya majirani kuazimana vifaa, drili, ngazi, mashine ya kukatia majani. Kila mtu ukimwambia atasifia, inaokoa hela, inaokoa mazingira, inawaleta majirani pamoja, sasa nani atapinga? Ila hebu mfuate mtumiaji mmoja hatua kwa hatua. Drili anaihitaji mara moja kwa mwaka, labda mbili. Siku hiyo akumbuke kwamba kuna programu aliipakua miezi nane iliyopita, aifungue, akute kuna jirani anayo, amwandikie, asubiri ajibu, waelewane saa, aende kuichukua, atoboe tundu mbili ukutani, airudishe. Na yote hayo kwa ajili ya kuokoa hela ambayo hata haimuumi. Mawazo ya namna hii yameanzishwa na kufa mara kibao, sio kwamba waanzilishi walikuwa wavivu, ni kwamba hakuna aliyelala anawaza drili.

Dalili yake ni hii, ukilieleza watu wanasema "watu watalipenda". Watu gani? Wengine, sio wao. Anayeumwa haongei hivyo, anayeumwa anauliza naipata wapi na nianze lini.

Na hela nyingi haziokoi hali hii. Quibi walikusanya dola bilioni 1.75 kwa ajili ya video fupi za kitaalamu za kuangalia kwenye simu, wakazindua tarehe 6 Aprili 2020, ikazimwa tarehe 1 Desemba mwaka huohuo. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa, watu wana simu, watu wana dakika kumi za kupoteza, watu wanapenda video. Tatizo ni kwamba hizo dakika kumi zilishajazwa na YouTube na TikTok, tena bure, na ilipozinduliwa hukuweza hata kupiga picha ya skrini ukamtumia rafiki yako kipande kilichokuchekesha. Walijibu swali ambalo mtazamaji hakuuliza. (Ndio, corona ilikuwa imefungia watu majumbani na wakasingizia hiyo, lakini huduma nyingine za video kipindi hichohicho zilikuwa zinapasua anga.)

Marafiki zangu wote wamelisifia, haitoshi?

Haitoshi. Rafiki anakupenda wewe, wazo hana muda nalo. Kumwambia mtu "wazo lako zuri" ni bure, na kumwambia ni bovu kunaharibu urafiki, we ungechagua lipi?

Basi nimuulize nini mtu ili anipe ukweli?

Usimuulize kuhusu kesho, muulize kuhusu jana. "Ungetumia programu kama hii?" ni swali la kumwomba adanganye kwa heshima. Muulize mara ya mwisho amepata hiyo shida ilikuwa lini, alifanyaje, ilimgharimu nini, amewahi kutafuta suluhisho na akalipia chochote. Kama hakumbuki mara ya mwisho, shida haipo, au ipo lakini haimkeri. Kama anakufungulia karatasi ya Excel chafu aliyoitengeneza mwenyewe yenye rangi saba, au anakuonyesha grupu la WhatsApp analolitumia kupangia oda za wateja wake, au anakwambia kuna kijana anamlipa kila mwezi amfanyie hiyo kazi kwa mkono, mkuu, hapo umegusa mfupa. Watu wenye shida ya kweli hawakai kusubiri startapu, huwa tayari wamejiungaungia kitu, na hicho kitu kibovu walichojiungia ndo ushahidi mzuri kuliko dodoso lolote la mtandaoni.

Halafu baada ya maongezi omba kitu. Hela kidogo ya kutanguliza, au namba ya bosi wake, au saa moja ya muda wake Jumamosi. Maneno yakianza kugeuka "tutaona" ushajua.

Kuna mtu tayari anafanya wazo langu. Niache?

Hapana, tena mara nyingi ni habari njema, maana kuna aliyekusaidia kuthibitisha kwamba soko lipo. Google ilianzishwa 1998 wakati AltaVista, Yahoo, Excite na Lycos wapo na wana majina, kutafuta vitu mtandaoni kulionekana ni jambo lililokwisha. Facebook ya 2004 iliikuta mitandao ya kijamii ya Friendster na MySpace. Eric Yuan alitoka Cisco, alikokuwa anashughulikia WebEx, huduma ya mikutano ya mtandaoni, akaanzisha Zoom mwaka 2011, Skype ipo kwenye kila kompyuta, na nina uhakika kuna mtu alimuuliza "video koli nyingine ya nini tena?" Kampuni ikaingia soko la hisa Aprili 2019.

Ila hapa ndo pa kuwa makini, maana watu wanachukua mifano hii wanajipa moyo bila sababu. Wote hao hawakuja na "kitu kilekile ila kizuri kidogo". Kila mmoja alikuta wateja wanateseka na kilichopo. Matokeo ya utafutaji yalikuwa yamejaa takataka na Google ikapanga kurasa kwa kuangalia nani anaunganishwa na nani. Simu za video zilikuwa zinakatika katika na kuunganisha mtu mgeni ilikuwa shughuli, Zoom ikawa ni kubonyeza kiungo tu unaingia. Sasa linganisha na Cuil, nayo ya kutafuta vitu mtandaoni kama Google. Ilizinduliwa Julai 2008, waanzilishi wake baadhi wametoka Google kwenyewe, wanajisifu wana kurasa bilioni 120 kwenye hazina yao. Kurasa bilioni 120! Hakuna mtumiaji aliyekuwa analalamika kwamba Google ina kurasa chache. Septemba 2010 ikazimwa.

Swali la kujipima basi, wateja wa huyo mshindani wako wanalalamika nini, kwa maneno yao? Kama hawalalamiki, au wanalalamika kuhusu kitu ambacho wewe pia huwezi kukirekebisha, achana naye.

Na usiwasikilize sana mafundi wa kompyuta kwenye hili. Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, ilipoonyeshwa mara ya kwanza 2007 kuna mtumiaji wa Linux aliandika kwamba jambo hilo unaweza kujifanyia mwenyewe kirahisi tu kwa kuunganisha vitu vilivyopo tayari. Kweli, yeye angeweza. Wengine mamilioni walikuwa wanajitumia mafaili kwa email na kutembea na flashi mfukoni.

Nimetafuta kote, hakuna hata mmoja anayefanya. Nishangilie?

Subiri kwanza. Mara nyingi maana yake ni kwamba hujui jina linalotumika kwenye hiyo fani, tafuta tena kwa maneno ya watu wenyewe wa kazi hiyo. Kama kweli hamna aliye hai basi tafuta waliokufa, ujue walikufa na nini. Kama hata marehemu hakuna, ama umewahi mapema sana ama hakuna anayehitaji, na la pili hutokea zaidi.

Wazo lilishawahi kufeli miaka ya nyuma, kuna maana ya kulirudia?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote kwasababu majibu yake yanafundisha sana. Wazo kufeli haimaanishi wazo ni bovu, inamaanisha lilifeli kwa gharama zile, kwa teknolojia ile, kwa watu wale, mwaka ule.

Webvan walitaka kuuza bidhaa za matumizi ya nyumbani mtandaoni na kukuletea mlangoni. Wakaanza 1996, wakaingia soko la hisa Novemba 1999, na kabla ya hapo walishasaini mkataba wa kama dola bilioni moja na kampuni ya ujenzi ya Bechtel kujengewa maghala makubwa ya kisasa kwenye miji 26, kabla hata mji wa kwanza haujaleta faida. Julai 2001 wakafilisika. Kwa miaka mingi ukimtajia mwekezaji bidhaa za nyumbani mtandaoni anakutajia Webvan anafunga mjadala. Halafu 2012 ikaja Instacart na wazo lilelile machoni pa mteja, ila ndani ni kitu kingine kabisa, haikujenga maghala, mtu mwenye simu anaenda dukani palepale, anakununulia, anakuletea. Ili hilo liwezekane ilibidi kwanza kila mtu awe na simu yenye ramani na intaneti mfukoni, na duka la programu la Apple lilifunguliwa Julai 2008 tu. Webvan hata wangekuwa na akili kiasi gani 1999 wasingeweza kufanya hivyo, watu wengi walikuwa bado wanaingia mtandaoni kwa waya wa simu ya mezani unapiga kelele.

Pets.com ni hivyohivyo. Walianza kuuza vitu vya mbwa na paka mtandaoni mwishoni mwa 1998, wakatangaza kwenye Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, Januari 2000, wakaingia soko la hisa Februari wakapata dola milioni 82.5, Novemba mwaka huohuo wakafunga. Ikawa kichekesho cha dunia, mfano wa ujinga wa zama zile. Miaka kumi na moja baadaye ikaanzishwa Chewy, inauza vitu vilevile, na 2017 PetSmart, wenye maduka ya vitu vya wanyama, wakainunua kwa dola bilioni 3.35. Chewy nao walikula hasara miaka mingi tusidanganyane, lakini walikuwa na kitu ambacho Pets.com hawakuwa nacho, wateja waliojiandikisha kuletewa mzigo kila baada ya wiki kadhaa bila kuagiza upya. Mbwa hula kila siku, kwahiyo ukishampata mwenye mbwa mara moja humtafuti tena kwa tangazo.

Kwahiyo ukitaka kufufua maiti, andika sentensi moja tu, nini kimebadilika tangu afe? Simu, bei ya kutuma mzigo, sheria, njia za kulipa, mazoea ya watu, chochote kile, ila kiwe kitu unachoweza kukionyesha kwa kidole. Kama jibu ni "mimi nitafanya vizuri zaidi yao", mwache apumzike.

Si nitapata faida tu nikishakuwa na watumiaji wengi?

Inategemea kila mtumiaji anakuachia nini. Sema unauza kitu kwa 100. Umekinunua 80, kukifikisha kwa mteja 25, makato ya malipo 3. Jumla 108. Kila ukiuza kimoja umepoteza 8, ukiuza elfu moja umepoteza elfu nane, ukiuza milioni moja unatafuta wa kumlaumu. Wingi unasaidia pale tu ambapo kuna gharama inayoshuka kwa sababu ya wingi, na inabidi uitaje ni ipi na itashuka mpaka wapi.

Kozmo waliahidi kukuletea chochote ndani ya saa moja, bure, hata ukiagiza kitu kimoja kidogo cha bei ya chini. Wateja waliwapenda sana! Lazima wawapende, walikuwa wanagawiwa hela za wawekezaji kwa njia ya usafiri. Aprili 2001 wakafunga. Pets.com nao kwenye miezi yao ya kwanza ya 1999, Februari hadi Septemba, waliingiza dola 619,000 wakati matangazo yamekula milioni 11.8, na bidhaa nyingi zilikuwa zinauzwa chini ya bei waliyonunulia.

Kuna na hesabu ya pili inayosahaulika, ya kumpata mteja. Ukitumia 40 kwenye matangazo kumpata mtu mmoja, anakuachia 5 kila mwezi, na anakaa miezi sita ndo anapotea, umepata 30. Una hasara ya 10 kwa kila mtu na kwenye grafu yako ya watumiaji mstari unapanda vizuri tu. Wahenga walisema kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, ila mtandaoni hata kizuri kinatembezwa, na kutembeza kuna bei, iweke kwenye hesabu.

"Soko ni kubwa, nikipata asilimia moja tu nimetoboa." Hoja hii ina nguvu?

Haina. Hakuna aliyewahi kugawiwa asilimia moja. Taja wateja kumi wa kwanza kwa majina.

Nataka kujenga jukwaa la kuunganisha watoa huduma na wateja. Likoje hilo?

Karibu kila wazo la tatu ni hili, "kama Uber lakini ya mafundi", "kama Uber lakini ya walimu", na mengi yake yanafia sehemu moja kati ya tatu.

Ya kwanza ni kuanza. Wateja hawaji kama hakuna mafundi, mafundi hawaji kama hakuna wateja. Waliotoboa walianzia mahali padogo sana ambapo pande zote mbili zilitosheana. Facebook ilianzia Harvard peke yake Februari 2004, Airbnb ilifuata mikutano ambako hoteli zimejaa. Ukinambia unazindua nchi nzima siku moja najua jukwaa litakuwa tupu kila mahali. Color walipewa dola milioni 41 mwaka 2011 kabla hata hawajazindua, programu yao inakuonyesha picha za watu walio karibu yako muda huo, watu wakapakua, wakafungua wakiwa peke yao, hamna kitu, wakafunga. Hadi mwisho wa 2012 ilikuwa imeshazimwa.

Ya pili ni mara ngapi. Usafiri mtu anauhitaji kila siku, fundi bomba anamhitaji mara moja kwa miaka miwili, atakusahau hata jina.

Ya tatu ndo mbaya kuliko zote, kurukwa. Mteja amempata msafishaji mzuri kupitia kwako, amempenda, wiki ijayo kwanini wakupe wewe kamisheni wakati wameshapeana namba za simu? Homejoy walikuwa na kama dola milioni 40 za wawekezaji kwa ajili ya usafi wa nyumba, wanatoa ofa ya usafi wa kwanza kwa dola 19, wengi wakaja kwa ofa na hawakurudi, na waliompata msafishaji mzuri wengine wakamalizana naye pembeni. Julai 2015 wakafunga, waanzilishi wenyewe wakitaja zaidi kesi za wafanyakazi zilizokuwa mahakamani. Uber hairukwi kirahisi hivyo kwasababu dereva wa leo hayupo karibu yako kesho, huna sababu ya kuchukua namba yake. Kwahiyo pima, baada ya watu wako kukutana mara ya kwanza, wewe bado una kazi gani pale katikati? Kama unashika malipo mpaka kazi iishe, au unalipa kitu kikiharibika, au kila mara wanahitaji mtu tofauti, una nafasi. Kama kazi yako ilikuwa kutambulisha tu, umeshamaliza kazi yako.

Wawekezaji wamenikataa. Si ushahidi kwamba wazo ni bovu?

Ni ushahidi dhaifu. Fred Wilson wa kampuni ya uwekezaji ya Union Square Ventures, mtu aliyewekeza mapema kwenye Twitter, aliandika mwenyewe waziwazi kwamba waliikataa Airbnb kwasababu hawakuweza kuona ng'ambo ya yale magodoro ya sebuleni. Excite walipewa nafasi ya kuinunua Google mwaka 1999 kwa bei inayotajwa kuwa chini ya dola milioni moja, wakagoma.

Na kinyume chake pia, kukubaliwa sio ushahidi wa uzuri, nimeshawataja Quibi na Color. Hela ya mwekezaji ni mbolea, ukiimwaga kwenye jiwe unapata jiwe linalonuka. Kitu cha maana cha kuchukua kwa mwekezaji aliyekukataa ni sababu, kama watano wasiojuana wamekupa sababu moja ileile basi kaa nayo uijibu, hata kama unaona hawajaelewa.

Nifiche wazo langu lisiibwe?

Hapana. Lieleze kwa kila mtu mwenye hiyo shida. Wenye uwezo wa kuliiba wako bize na ya kwao.

Vipi mawazo ya kimchezo mchezo, yale ya kiki? Mbona mengine yanalipa?

Yanalipa, ila jua unacheza mchezo gani. Mwaka 2005 Alex Tew, mwanafunzi wa Uingereza wa miaka 21, alifungua ukurasa wenye pikseli milioni moja akauza kila moja dola moja kwa watangazaji. Kijinga mpaka basi. Januari 2006 zilikuwa zimeisha na ameingiza zaidi ya dola milioni moja. Waliomwiga hawahesabiki, na hakuna aliyefika karibu yake, kwasababu kilichouzwa ni habari yenyewe ya kwamba kuna kijana anauza pikseli, na habari ikishakuwa habari mara ya kwanza ya pili haisomwi. Programu ya Yo ya 2014 ilikuwa inatuma neno moja tu, "Yo", hata yenyewe ilipata zaidi ya dola milioni moja za wawekezaji, gazeti zikaandika, watu wakapakua kwa kucheka, kicheko kikaisha.

Sasa Twitter ya 2006 nayo ilionekana mchezo, watu waliuliza nani anataka kujua umekula nini mchana. Tofauti inaonekana ukiangalia siku ya thelathini badala ya siku ya kwanza. Walioingia kwa kucheka bado wapo? Wanarudi wenyewe bila kusukumwa? Kama wanarudi, acha watu wacheke.

Nikiweka akili bandia (AI) ndani si linakuwa wazo zuri?

Mwaka 1999 makampuni yalikuwa yanaongeza ".com" kwenye jina na bei ya hisa inapanda. Soko la hisa la Nasdaq, lenye kampuni nyingi za teknolojia, lilifika kileleni Machi 2000, hadi Oktoba 2002 lilikuwa limepoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake. Simaanishi intaneti ilikuwa uongo, intaneti ilikuwa kweli kabisa, uongo ulikuwa kudhani neno linatosha.

Fanya hivi, futa maneno "akili bandia" kwenye maelezo yako yote halafu soma kilichobaki. Ukibaki na mtu mwenye shida na sababu ya yeye kulipa, sawa, rudisha maneno yako. Halafu jiulize swali la pili, hao wanaokuuzia huo ubongo wakiamua kesho kuongeza kitu chako kama kitufe kimoja kwenye bidhaa yao, wewe unabaki na nini? Hili sio la kufikirika. Odeo ilikuwa kampuni ya podikasti, Juni 2005 Apple wakaweka podikasti ndani ya iTunes, na Odeo ikaisha maana palepale. Bahati yao ndani ya kampuni kulikuwa na mradi mdogo wa pembeni, ndo hiyo Twitter. Usitegemee bahati hiyo.

Nijaribu vipi bila kuchoma hela?

Fanya kwa mkono kwanza, hata kama inachosha. Nick Swinmurn 1999 alitaka kujua kama watu watanunua viatu mtandaoni bila kuvijaribu. Hakununua stoo nzima ya viatu, alienda madukani akapiga picha, akaziweka kwenye tovuti, mtu akiagiza anaenda kununua jozi hiyo dukani kwa bei ya kawaida na kuituma. Kila jozi hakupata kitu, lakini jibu alilipata, na hiyo ndo Zappos ambayo Amazon waliinunua 2009. Dropbox walitengeneza video fupi tu inayoonyesha jinsi kitu kitakavyofanya kazi, na 2008 toleo moja la video lilipeleka orodha ya wanaosubiri kutoka 5,000 hadi 75,000 kwa usiku mmoja.

Angalizo dogo, orodha ya wanaosubiri ni nzuri ila kuandika email hakuumi. Zappos walikuwa na ushahidi mzito zaidi kwasababu watu walitoa kadi.

Nimeshaanza na naona linabuma. Niache lini?

Sina tarehe ya kukupa, ila nina cha kuangalia. Usiangalie jumla ya waliojiandikisha, hiyo namba haishukagi hata siku moja na ndo maana kila mtu anapenda kuionyesha. Angalia walioingia mwezi uleule, wangapi bado wanatumia miezi mitatu baadaye. Kama kila kundi linaisha mpaka sifuri, matangazo hayatakusaidia. Kama kuna kakundi kadogo kanang'ang'ania, nenda kaongee nao wote mmoja mmoja.

Na kabla ya kufunga angalia kama kuna kipande kimoja ambacho watu wanakitumia tofauti na ulivyopanga. YouTube ilianza 2005 ikiwa na mpango wa video za kutafutana wachumba, watu wakapandisha video za kila kitu isipokuwa hizo, waanzilishi wakaacha watu wafanye wanachotaka. Instagram ilitokana na Burbn, programu iliyojaa mambo mengi ambayo watu hawakuyagusa zaidi ya picha, wakakata kila kitu wakabakiza picha, wakazindua Oktoba 2010. Slack ilikuwa chombo cha ndani cha kuwasiliana cha timu iliyokuwa inatengeneza gemu inaitwa Glitch, gemu likafungwa Desemba 2012, chombo kikabaki, na kampuni ya programu ya Salesforce walikinunua kwa dola bilioni 27.7 mwaka 2021.

Nina mawazo matano, nianze na lipi?

Lile ambalo wiki hii unaweza kuwapigia simu watu kumi wenye hiyo shida na wakapokea. Mengine yaandike pembeni na mwaka uuweke, pamoja na sababu inayokufanya uone bado, kama ni bei ya kitu fulani, sheria, au simu za watu, ili siku hiyo sababu ikiondoka uwe wa kwanza kujua.